Mkanda Namba Kumi na Saba

Saa kumi na mbili na robo, Mtumba.
Upepo umetutangulia kuamka,
unagonga bati la kontena langu kama mdai.
Nafungua kufuli, natoa mikanda,
naitandaza mezani kama anayechambua mchele.

Macho peke yake hayatoshi, rangi huyadanganya.
Naukunja utepe, utunishe mgongo kama paka,
napitisha kidole gumba ukingoni, polepole:
uzi uliokatika huchoma kabla haujaonekana.
Palipokakamaa, jua limekula.
Palipopauka ghafla, mtu kaulaza karibu na betri.
Ndoano naibana, naiachia.
Lazima ijifunge yenyewe: tak.
Isiposema tak, hapandi mtu nayo.
Vumbi letu jekundu hupenda kulala kwenye springi.

"Sechelela, unabembeleza kamba?"
Nabembeleza, ndiyo. Pita.

Kumi na saba nilimpa Ndahani wa Mvumi,
Juni, asubuhi ya baridi ile inayopasua midomo.
Ndahani hapandi bila kupiga mluzi.
Ghorofa ya sita ubao ukateleza;
sikumwona akianguka,
nilisikia mluzi ukikatika.

Mkanda ukamdaka.
Chini watu wakapiga makofi, wakacheka kwa woga,
mmoja akatoa simu ampige picha.
Tukadhani yamekwisha.

Dakika ya nne akasema miguu inakufa ganzi.
Ya saba hakusema kitu.

Begi la uokoaji lilikuwa kwangu, rafu ya juu,
lakiri haijavunjwa, safi kama sanda dukani.
Nilikuwa nimekagua kila mshono wake.
Mimi, mhesabu nyuzi,
sikuwahi kuuliza:
akishadakwa, nani atamshusha?

Mnyukwa mchomeleaji ndiye aliyemtupia kitanzi,
akamlilia: "Kanyaga! Simama humo, Ndahani, usilale!"
Mguu mmoja ukapapasa hewa, ukakosa, ukapata.
Tulimfikisha chini dakika ya kumi na tisa,
uso rangi ya simenti mbichi,
kapumua.

Jioni msimamizi akauinua mkanda kwenye taa.
"Mzima huu. Hata mkwaruzo hauna. Kesho uende kazini."
Nikamwonyesha kile kifuko cha kupunguza kishindo,
kimefumuka chote, kimerefuka kama ulimi wa mbuzi wa kuchinjwa.
"Badilisha hicho. Mkanda uache."
Mkanda uliokwisha kumdaka mtu umelipa deni lake.
Hatuukopeshi tena.
Nikachukua mkasi wa bati, nikaukata mabega,
nikaukata mapaja, nikakata kila palipofungika,
asije mtu akauokota jalalani akauamini.
"Nitakukata mshahara."
"Kata. Mkasi huu hapa."

Siku hizi kila Ijumaa kabla ya ugali
tunaning'iniza gunia la mchanga, kilo themanini,
tumelibatiza Shemeji.
Lakiri tumeivunja. Kila mmoja kashika kamba ile,
hata mpishi, hata kijana wa toroli.
Ijumaa ya kwanza, dakika kumi na nne:
Shemeji tukamzika kwa vicheko,
ila Mnyukwa hakucheka.
Ijumaa iliyopita, nne na nusu.
Bado.

Septemba Ndahani akasimama dirishani kwangu,
mguu wa kushoto ukibaki nyuma kidogo ya mwenzake.
Nikampa namba thelathini na mbili, mpya, lebo inasomeka.
Akauvaa, akanigeuzia mgongo bila kuambiwa.
Nikatafuta pete ya nyuma, katikati ya mabega, imekaa.
Mkanda wa paja: kiganja kipite, ngumi isipite.
Kiganja kikapita.
Nikahisi mguu ukitetemeka. Sikusema.
Akachukua ndoano mwenyewe, akaisikiliza sikioni
kama anayejaribu saa ya mtumba.
Tak.

"Panda," nikamwambia.
Akapanda.
Nikaacha mikanda iliyobaki mezani,
nikasimama mlangoni, upepo umejaa masikio,
nikingoja mluzi.